Kukita, Kuunganisha na Kituo: Maneno ya Mawasiliano Kutoka Bukoba ya Kale Hadi Kompyuta

1. Utangulizi

Mtu aliyepata kumwandikia barua ndugu yake wa Ngenge anajua kwamba kulitaja jina la Ngenge peke yake hakukutosha. Ngenge ni kata katika Wilaya ya Muleba, Mkoa wa Kagera. Lakini Muleba yenyewe ilimegwa kutoka Wilaya ya Bukoba, na mkoa huo ulijulikana kwa jina la Ziwa Magharibi hadi mwaka 1979, ulipopewa jina la mto Kagera baada ya vita na majeshi ya Idi Amin. Hivyo babu na mjukuu wake wangeweza kuandika anwani mbili zisizofanana, mmoja akitaja Bukoba na Ziwa Magharibi, mwingine Muleba na Kagera, na wote wawili wakawa wanapataja mahali pale pale. Ardhi ya Ngenge haikusogea hata shubiri moja. Yaliyobadilika ni maneno yaliyotumiwa kuielekeza barua.

Tumeanza na jambo hili dogo kwa kuwa ndilo kiini cha swali ambalo walimu na wafasiri wa vitabu vya kompyuta wametuletea. Siku hizi mafundi wanaoandika programu hutumia makusanyo ya programu ndogo ndogo zilizokwisha kutungwa na watu wengine, nayo makusanyo hayo huitwa maktaba. Mojawapo ya aina za maktaba hizo ni zile za kupelekeana ujumbe, ambazo kazi yake ni kuiwezesha programu moja kuipelekea nyingine habari, ama ndani ya kompyuta moja, ama kati ya kompyuta zilizo mbalimbali. Ndani ya maktaba hizo mna kitu kiitwacho soketi, na kabla ujumbe wowote haujaenda, soketi haina budi kuhusishwa na mahali panapojulikana. Wataalamu wa Kiingereza wana vitenzi viwili kwa kazi hiyo: kimoja cha yule anayekaa mahali na kungoja, na kingine cha yule anayekwenda kumtafuta. Wana pia jina moja la mahali penyewe.

Mswada mmoja uliotufikia ulikifasiri kitenzi cha kwanza kuwa "kufunga", cha pili kuwa "kuunganisha", na mahali penyewe kuwa "mwisho". Ukizitazama fasiri hizo moja moja katika kamusi, hazina kosa. Lakini mwanafunzi anayesoma sentensi "funga soketi kwenye mwisho" ataelewa kwamba kazi imekwisha na kwamba soketi izibwe, jambo ambalo ni kinyume kabisa cha linalotakiwa. Kosa la namna hii si la kuchekesha. Humfanya mwanafunzi aamini kwamba somo ni gumu, au, vibaya zaidi, kwamba Kiswahili hakiliwezi somo hilo, ilhali ubaya umo katika neno lililochaguliwa.

Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba Kiswahili kimekwisha kukutana na jambo hili mara kadhaa kabla ya kompyuta kuja, na kwamba kila mara kilipata maneno yake. Tutaichukua Bukoba na wilaya zinazoizunguka kuwa mfano wetu mkuu, kwa sababu historia ya mawasiliano ya sehemu hiyo inaeleza wazi tofauti kati ya kukaa mahali na kupaendea mahali. Mwishoni tutatoa mapendekezo. Mapendekezo hayo si uamuzi wa kamati ya istilahi. Ni hoja inayoletwa mbele ya wasomaji ili ijadiliwe.

2. Kabla ya uzi wa simu

Katika Buhaya, kama katika sehemu nyingi za nchi zetu, habari zilisafiri kwa njia mbili kuu. Njia ya kwanza ilikuwa nduru, ambayo Wahaya huiita enduru, yaani ukelele wa kutangaza hatari. Nduru haina anwani. Aipigaye hamtaji mtu, na kila aliye karibu hupaswa kutoka nyumbani na kuifuata. Aliyekuwa mbali wakati huo hakuipata, wala haikumngoja arudi. Msomaji na aikumbuke tabia hii, maana tutaikuta tena ndani ya kompyuta.

Njia ya pili ilikuwa mjumbe. Mjumbe hutumwa kwa mtu fulani, mahali fulani, naye hutarajiwa kurudi na jibu. Msafiri Mwingereza John Hanning Speke aliionja nguvu ya utaratibu huo. Alifika Karagwe kwa Omukama Rumanyika mwezi wa Novemba 1861, lakini hakuweza kuendelea hadi Buganda kwa hiari yake mwenyewe. Ilibidi habari zake zitangulie kwa Kabaka Mutesa, na ruhusa irudi, ndipo aendelee na safari yake mwezi wa Januari 1862. Njia ya kwenda Buganda ilikuwapo na wapagazi walikuwapo. Kilichokosekana ni kukubaliwa na upande wa pili.

Katika nchi hiyo hiyo ya Karagwe, wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa na makazi yao mahali paitwapo Kafuro. Hapo misafara ilipumzika, bidhaa zikahifadhiwa, na habari za Unyanyembe na Buganda zikabadilishana mikono. Mahali pa namna hiyo Kiswahili hupaita kituo, na neno hili linastahili kutazamwa kwa makini. Kituo limetokana na kitenzi kutua. Mpagazi hutua mzigo, na ndege hutua mtini. Mahali panapotuliwa mzigo si lazima pawe mwisho wa safari ya mzigo huo. Mara nyingi mtu mwingine hujitwisha na kuendelea nao. Neno kituo, basi, lilikuwa limekwisha kubeba maana mbili tunazozihitaji hata leo: mahali panapojulikana na wote, na mahali ambapo kitu kilicholetwa hupokewa.

3. Uzi, upepo na mlingoti wa Bukoba

Mwaka 1879 kampuni ya Kiingereza ilitandika waya chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar, na kutoka hapo kuelekea kusini hadi Msumbiji na Durban. Mwaka 1890 waya mwingine uliiunganisha Zanzibar na Bagamoyo na Dar es Salaam. Kiswahili hakikusita kukipa jina chombo hiki kipya: kiliitwa simu, neno lenye asili ya Kiajemi ambalo maana yake ya awali ni uzi wa madini. Watu walikiita chombo kwa kile walichokiona kwa macho. Baadaye sauti ya mtu ilipopita katika uzi, neno likabaki lile lile; na leo simu ya mkononi haina uzi wowote, ila jina halikubadilika. Hili ni funzo la kwanza kwa mtunga istilahi: neno likishazoeleka, chombo chaweza kubadilika ndani yake bila kulivunja.

Bukoba yenyewe ilianzishwa kuwa kituo cha Wajerumani mwishoni mwa mwaka 1890 na Emin Pasha. Kwa upande wa mawasiliano, mji huo ulikuwa na taabu yake. Uzi wa simu wa nchi kavu ulifika Mwanza, lakini kati ya Mwanza na Bukoba kuna ziwa. Kwa hiyo, katika miaka michache iliyotangulia Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walijenga mitambo ya mawasiliano yasiyo na uzi katika miji yote miwili, Mwanza na Bukoba, ili ujumbe uruke juu ya maji. Kiswahili baadaye kikawa na msemo wake kwa chombo cha namna hii: simu ya upepo. Mtu akiuchambua msemo huo kwa asili ya maneno, atapata "uzi wa upepo", jambo lisilowezekana. Hata hivyo hakuna Mswahili aliyepata kutatizwa nao.

Mlingoti wa Bukoba ulionekana kutoka mbali, na ndio ulioiletea Bukoba vita. Waingereza, waliokuwa wakiitawala Kisumu na sehemu ya kaskazini ya ziwa, waliona kwamba mtambo ule uliwapa adui zao njia ya kupashana habari ambayo hawakuweza kuikata kwa kukata nyaya, kwa sababu nyaya hazikuwapo. Jambo lililowezekana lilikuwa moja tu, nalo ni kuangamiza mahali penyewe. Mwezi wa Juni 1915 majeshi yao, yakiongozwa na Jenerali Stewart, yalipakiwa melini Kisumu, yakavuka ziwa, na baada ya mapigano ya tarehe 22 na 23 yakauteka mji. Mtambo uliharibiwa na mlingoti ukaangushwa, kisha majeshi yakapanda meli na kurudi yalikotoka. Hawakuja kukaa, walikuja kuondoa kituo.

Kwa mtu wa istilahi, tukio hili lina maana kubwa. Mawasiliano ya Mwanza na Bukoba hayakutegemea kitu chochote kilichonyoshwa kati ya miji hiyo miwili. Yalitegemea kwamba Bukoba mlingoti umekitwa ardhini, na kwamba Mwanza wanajua hivyo. Mlingoti ulipoanguka, Mwanza haikupoteza sauti yake; ilipoteza mahali pa kuielekeza. Aliyekita na aliyeelekeza hawakuwa wakifanya kazi moja, ingawa wote wawili walikuwa wakifanya "mawasiliano".

4. Ubao wa matundu

Mwezi wa Januari 1878, katika mji wa New Haven, Marekani, ilifunguliwa ofisi ya kwanza ya biashara ya kuunganisha simu za watu mbalimbali. Mtambo wa ofisi za namna hiyo uliendelea kuboreshwa hadi ukawa ubao wenye matundu mengi, kila tundu likiwa la mwenye simu mmoja, pamoja na kamba zenye vichomeko. Mtu alipotaka kuzungumza, opereta alichomeka ncha moja ya kamba katika tundu la mpigaji na ncha ya pili katika tundu la mpigiwa. Mitambo ya aina hiyo ilitumika hata kwetu kwa miaka mingi, na wapo wasomaji wetu wanaokumbuka jinsi mtu alivyoomba: "Naomba uniunganishe na Bukoba."

Hapa ndipo kitenzi kuunganisha kilipopata makao yake katika mambo ya simu. Tukikichambua, tunaona kuwa shina lake ni -unga. Kikiongezwa -an- cha kutendana huwa -ungana. Na kikitiwa -ish- cha kusababisha huwa -unganisha. Maana yake kamili, basi, ni kuwafanya wawili waungane. Kinahitaji watu watatu: wawili wanaoungana na mmoja anayewaunganisha. Ubaoni wote watatu walikuwapo, na wawili wale walipaswa kuwapo kwa wakati mmoja. Mpigiwa asipokuwapo, opereta alijibu kuwa simu haipokelewi, na jambo likaishia hapo.

Mwaka 1891 Almon Strowger wa Marekani alipata hataza ya mtambo uliomwondoa opereta. Badala ya kumtaja mtu kwa jina, mpigaji alitoa tarakimu, na mtambo ukamtafuta mpigiwa wenyewe. Kuanzia hapo kuunganisha kukawa kazi ya mpigaji mwenyewe, ingawa kitenzi kiliendelea kumbeba opereta aliyekwisha ondoka.

5. Anwani ya simu na sanduku la posta

Watumishi wa serikali wa zamani watakumbuka kwamba barua za ofisi zilikuwa na mstari mmoja juu, chini ya nembo, uliosema "Simu", na mbele yake neno moja tu lililoandikwa kwa herufi kubwa. Hiyo ilikuwa anwani ya simu za maandishi. Kwa kuwa simu ya maandishi ililipiwa kwa idadi ya maneno, ilikuwa hasara kuandika anwani nzima. Kwa hiyo ofisi iliandikisha posta neno moja fupi, nalo likasimama badala ya jina, jengo na mtaa. Kulikuwa na sharti: ofisi mbili za mji mmoja hazikuruhusiwa kuandikisha neno lile lile. Aliyetangulia kuliandikisha ndiye aliyelimiliki, na aliyefuata alitafuta jingine. Kuandikisha kulifanywa mara moja, na mwenye mahali. Kutuma kulifanywa mara nyingi, na yeyote.

Lililo karibu zaidi na maisha ya watu wa Ngenge, hata hivyo, ni sanduku la posta. Katika nchi yetu barua kwa kawaida haikupelekwa mlangoni kwa mtu. Ililetwa katika posta na kutiwa ndani ya sanduku lenye namba, yaani S.L.P., nayo ikakaa humo hadi mwenyewe au mtu wake aje na ufunguo. Wanakijiji wengi hawakuwa na sanduku lao binafsi. Walitumia sanduku la shule, la kanisa, la chama cha ushirika au la ofisi, na mwandikaji aliongeza maneno kama "kupitia kwa Mwalimu Mkuu". Hivyo sanduku moja likawa kituo cha watu wengi. Na mtu mmoja naye aliweza kupokea barua kwa masanduku mawili, la shuleni kwa mtoto wake na la kazini kwake.

Na tuulinganishe utaratibu huu na ule wa ubao wa matundu. Katika simu ya ubaoni, mpigaji na mpigiwa hukutana kwa wakati mmoja au wasikutane kabisa. Katika sanduku la posta, mtumaji hana haja ya kujua kama mpokeaji yupo leo, amesafiri, au ndiyo kwanza anaomba sanduku lake. Barua hungoja, ila hungoja kwa kadiri: sanduku likijaa, nyingine hazina pa kuingia.

Shirika la Posta na Simu Tanzania lilianza baada ya kuvunjika kwa shirika la Afrika Mashariki mwaka 1977, na likaendelea hadi mwanzoni mwa mwaka 1994, posta na simu zilipotenganishwa. Kwa miaka hiyo yote njia zote mbili, ile ya ubao na ile ya sanduku, zilikaa chini ya paa moja. Labda ndiyo maana maneno yake yalichanganyika midomoni mwetu.

6. Soketi yaingia katika kompyuta

Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu ililetwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na kwa muda mambo yakapoa. Ni katika miaka hiyo hiyo ndipo nchini Marekani wataalamu waliokuwa wakiunganisha kompyuta za vyuo vikuu walipohitaji jina la mahali ambapo programu hupokelea habari kutoka nje. Maandishi yao ya mwaka 1970 yanalitumia neno soketi, na mwaka 1971 walitoa waraka mahsusi wa kulieleza. Waliazima jina la kitu ambacho kila mtu alikijua, yaani tundu linalochomekwa kichomeko. Mwaka 1983 Chuo Kikuu cha California huko Berkeley kilitoa mfumo wa kompyuta ambao ndani yake soketi zilipewa sura ambayo mafundi wa dunia nzima wameifuata hadi leo. Vitenzi viwili tulivyovitaja katika utangulizi vimo katika mfumo huo.

Soketi za Berkeley zilifanana zaidi na ubao wa simu. Katika mawasiliano yao ya kawaida, anayekwenda kumtafuta mwenzake asipomkuta amekwisha kukaa mahali pake, hukataliwa papo hapo. Maktaba za kupelekeana ujumbe zilikuja kurekebisha jambo hilo. Tutachukua mfano wa maktaba iitwayo ZeroMQ, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2007. Ndani yake mahali pa kukutania huandikwa kwa mstari mmoja, kwa mfano tcp://bukoba:5555. Sehemu ya kwanza hutaja njia itakayotumika, ya pili hutaja kompyuta, na namba ya mwisho hutaja mlango wa kompyuta hiyo. Wapo waliouita mlango huo "bandari". Tunaona ni kosa. Melini tungesema kwamba kompyuta ndiyo bandari ya Bukoba, na namba ile ni ya gati.

Tabia za soketi za maktaba hii ni hizi. Kwanza, upande mmoja hukaa mahali hapo na kupatangaza kuwa pake. Programu nyingine ikijaribu kukaa pale pale, hukataliwa, kama ilivyokuwa kwa anwani ya simu iliyokwisha andikishwa. Pili, upande unaokwenda kutafuta hauna haja ya kumkuta mwenyeji. Waweza kuelekea mahali ambapo bado hapajakaliwa na mtu. Maktaba itajaribu tena na tena kwa siri, na wakati huo ujumbe utajipanga foleni. Tatu, foleni hiyo ina kikomo, ambacho kwa kawaida ni ujumbe 1,000 kwa kila mwunganisho. Ikijaa, soketi za aina moja humfanya mtumaji angoje, na za aina nyingine huutupa ujumbe unaozidi. Nne, soketi moja yaweza kuelekezwa mahali pengi, na mahali pamoja paweza kuendewa na soketi nyingi. Tano, iko aina ya soketi inayotangaza kwa wote bila kumtaja mtu. Anayejiunga akiwa amechelewa hukosa yaliyokwisha tangazwa. Hiyo ndiyo nduru.

Msomaji ataona kwamba, ukiondoa nduru, karibu tabia zote hizi ni za sanduku la posta, wala si za ubao wa simu. Na hapa ndipo penye hatari ya kitenzi kuunganisha kinapoachwa bila maelezo. Mwalimu akikitamka, mwanafunzi huona simu: watu wawili walio hai, kila mmoja upande wake, wakisikizana sasa hivi. Programu yake ya kwanza ikielekea mahali pasipo na mtu na isitoe kosa lolote, mwanafunzi hudhani imekwisha fika. Atangoja jibu hata jioni. Kumbe ametuma barua kwenye sanduku ambalo bado halijapata mwenyewe.

7. Mapendekezo

Kwa kuzingatia historia hiyo, tunapendekeza maneno manne.

(a) Soketi. Tunapendekeza neno hili libaki kama lilivyo. "Tundu" linafaa kwa ubao na kwa ukuta wa nyumba, lakini soketi ya programu haina uwazi wa kuonekana. Zaidi ya hayo, mafundi wetu wa umeme wamelizoea neno soketi, na jina lililokwisha kuzoeleka halitishwi na mabadiliko ya chombo, kama simu ilivyotufundisha.

(b) Kituo. Mahali pa kukutania paitwe kituo, na mstari unaopataja uitwe anwani ya kituo. "Mwisho" na "kikomo" humfanya mtu adhani kwamba ujumbe umekoma, au kwamba soketi imefika ukingoni. "Ncha" huleta picha ya kamba, na kamba haipo. Kituo ni mahali pa kutua, kwa anayeleta na kwa anayepokea. Kutenganisha kituo na anwani yake nako kuna faida. Anwani yaweza kubadilika na kituo kikabaki, kama ilivyokuwa kwa Ngenge. Ndiyo maana mwalimu hufanya vema kumshauri mwanafunzi aiandike anwani mara moja, mahali pamoja katika programu yake, asiitawanye kila ukurasa.

(c) Kukita. Kitenzi cha yule anayekaa kiwe kukita: "kita soketi kwenye kituo". Tunakikataa "kufunga" kwa sababu iliyo wazi: kila mtu hufunga mlango, duka na mkutano, na programu nayo hufunga soketi inapomaliza kazi. Neno moja haliwezi kuwa jina la mwanzo na jina la mwisho wa kazi moja. Kukita ni kusimamisha kitu imara ardhini, kama nguzo, au kama mlingoti ule wa Bukoba. Kina pia maana ya kudumu, maana husemwa kwamba jambo limekita mizizi. Na kanuni ya mafundi ni kwamba upande unaodumu ndio ukitwe, na upande unaokuja na kuondoka ndio uende kuutafuta.

(d) Kuunganisha. Kitenzi hiki kimekwisha kuenea, na si kazi ya baraza la lugha kupigana na mto uliokwisha kupata mkondo wake. Tunaomba tu kiongozwe na kihusishi kinachofaa. Tukisema "unganisha soketi na kituo", neno "na" huzifanya pande mbili kuwa sawa na kumficha aliyemwendea mwenzake. Tukisema "unganisha soketi kwenye kituo", mwelekeo hubaki: soketi ndiyo inayokwenda, kituo ndicho kinachoendewa. "Kuunganishwa na" kuhifadhiwe kwa hali ya baadaye, pande zote mbili zinapokuwa zimekwisha kukubaliana. Tofauti ni ya kihusishi kimoja, lakini inamjulisha mwanafunzi kwamba kuunganisha ni jambo moja na kuungana ni jambo jingine.

Yapo maneno mengine ambayo hatuna haja ya kuyatafuta. Foleni imekwisha kuingia kila duka na kila kituo cha basi, nayo yatosha. Mlango watosha kwa namba ya kompyuta. Kwa programu inayopokea ujumbe wa wengine na kuusambaza, tunalo neno tarishi, ambalo ofisi zetu zimelitumia miaka mingi kwa mtu wa kazi hiyo hiyo.

8. Hitimisho

Mwaka 2009 waya mpya wa chini ya bahari ulifika Dar es Salaam, miaka 130 baada ya ule wa Zanzibar, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaendelea na kazi ya kufikisha mawasiliano mikoani. Mwaka 2022 nchi nzima ilifanya kazi ya kuweka anwani za makazi, na kila kata ina postikodi yake. Za Mkoa wa Kagera huanza na 35. Mtu wa Ngenge leo ana namba ya simu mkononi, postikodi ya kata na namba ya nyumba. Na huenda bado anatumia sanduku la shule aliyosoma. Hivyo vyote ni anwani. Vinafaa kwa sababu moja tu, kwamba upande mmoja kuna aliyekaa mahali na kujulikana, na upande wa pili kuna anayejua pa kumwendea.

Kiswahili kililijua jambo hili tangu enzi za misafara. Wajibu wetu si kukifundisha upya, bali ni kuwaletea walimu maneno yake wenyewe kabla fasiri za haraka hazijakita mizizi. Tunawaomba walimu wanaofundisha somo hili wayajaribu maneno manne tuliyoyataja mbele ya wanafunzi wao, hasa kukita, kisha watuandikie: je, mwanafunzi aliyeambiwa "kita" alifanya nini? Jibu la swali hilo litatufaa kuliko hoja zote za meza yetu.